Tunasubiri Ngano Nayo Ipone

Suruali yangu ya kijivu ninayo hadi leo. Zuhura, mke wangu, kila akipanga kabati anataka kuifanya tambara la kufutia cherehani, na kila mara tunagombana. Ukiigeuza nje ndani utaona alama za mishono niliyoifumua, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja umeingia ndani zaidi ya mwenzake. Wa kwanza niliushona masika ile niliyokuwa namalizia dozi ya taifodi. Wa pili ni wa dozi ya minyoo. Wa tatu, vidonda vya tumbo. Mie ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mbagala, na fundi akikonda hahitaji mizani. Anajipunguzia nguo mwenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali sasa hivi, anaambiwa kwa mara nyingine tena kwamba ana taifodi. Pole sana, ndugu yangu. Benchi hilo nalijua. Udaktari siujui na sitajifanya naujua. Nitakwambia yaliyonipata mie, na mengi yanamhusu mama yangu na chungu chake cha bokoboko.

Mama ni mtu wa Tanga, baba alikuwa wa Lindi, na sie watoto tumekulia Temeke. Sikukuu ya Idd tulikuwa tunaamshwaga na mlio wa kinu. Mama ameloweka ngano nzima tangu jana, sasa anaitwanga itoke makapi, du, du, du, na sie kitandani tunajua leo ni leo. Kisha ngano hiyo inapikwa na nyama kwa moto mdogo, saa nyingi, mpaka nyama na ngano havijuani. Mama anapiga kwa mwiko wake mrefu, jasho linamtiririka, anatufukuza tusimkaribie. Juu anamwaga samli ya moto na vitunguu vilivyokaangwa vikawa vyekundu. Hilo ndilo bokoboko. Nikifumba macho sasa hivi nalisikia harufu, na nakiri kwamba udenda unanitoka.

Lakini kwetu bokoboko lilikuwa pia dawa. Mwanamke amejifungua, bokoboko. Mtoto katoka kwenye surua, bokoboko. Mama hakuwahi kumuuliza mtu mnyonge anataka kula nini. "Mgonjwa haulizwi uji," alikuwa anasema, na bakuli limeshafika mkononi.

Basi nilipoanza kuumwa mtu mzima, nina mke na watoto, mama anakaa chumba cha uani nyumbani kwetu Chamazi, unadhani alinipikia nini?

Tumbo lilianza kunijaa hewa, ukinigonga nalia kama ngoma. Kuharisha kukawa ndiyo saa yangu ya kuamkia. Mdomoni vidonda, pilipili nikaisahau. Ukucha ukigusa kitu unakatika. Kibaya kuliko vyote ni uchovu. Nilikuwa nalala juu ya cherehani mchana kweupe, shavu limeegemea kitambaa cha mteja. Siku moja nilimkabidhi bwana harusi koti lake, akalivaa, mkono wa kushoto umeishia karibu na kiwiko. Alinitazama, akautazama mkono, akanitazama tena. "Fundi," akasema, "mie naoa Jumamosi au natundikiwa dripu?" Tulicheka, lakini nikaenda nyuma ya kibanda nikakaa chini, maana nilikuwa sikumbuki hata nilivyolikata.

Mbagala mtu akikonda na anaharisha, watu wameshajua anaumwa nini kabla hajafika hospitali. "Fundi kakanyaga waya," vijana wa kijiweni wakasema, na wala hawakunong'ona. Zuhura alinishika mkono tukaenda kupima ukimwi wote wawili. Majibu yakaja safi. Tukapima tena baada ya miezi kadhaa, safi. Jirani yetu Bi Chiku, mwanamke wa maneno huyo, akasema vipimo vya siku hizi navyo vinadanganya. Sasa hapo umjibu nini mtu?

Kila nikizidiwa, mama anaingia na bakuli. Kila nikilila, nazidiwa zaidi. Kila nikizidiwa zaidi, bakuli linakuwa kubwa zaidi. Na hakuna aliyeona, wala mie sikuona. Nilikuwa napenda lile bakuli, jamani. Katika siku ambazo sikuweza kushika hata mkasi, mama alikuwa ananilisha kwa mkono wake kama nilivyokuwa mdogo Temeke, na yalikuwa ndiyo mambo mazuri pekee ya siku nzima.

Vuli ilipoanza nikapewa rufaa ya hospitali kubwa. Kule kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja wa Ukonga mwenye kikohozi kibaya. Mie nilikuwa sikai, kila mara nakimbilia chooni, na foleni haisubiri mtu. Mzee akavua kofia yake ya kiua, akaiweka pale nilipokuwa nimekaa. Mtu akija kutaka kukaa anamwambia, "Hapo pana mtu, huoni kofia?" Sikumuuliza jina na sijamwona tena. Mungu amlipe kheri, na kama kikohozi kilimchukua, amlaze pema.

Daktari aliyenipokea alikuwa mama mmoja wa bara, sauti ya chini. Alinichukua damu, na wiki nyingine nikameza mpira wenye kamera. Kuumeza si raha, lakini si kifo, usiogope. Majibu yalipotoka akaniambia utumbo wangu haupatani na ngano. Kuna kitu ndani ya ngano, ndicho kinachofanya chapati ivutike, na mie nikikila mwili unajipiga wenyewe. Akasema dawa ni kuiacha ngano moja kwa moja, maisha yote. Na wewe unayesoma usikimbilie kuacha kabla hujapimwa, maana ukiacha mapema vipimo vinaweza kukupoteza. Muulize daktari wako kwanza.

Nikarudi nyumbani nikatangaza. Mkate basi. Chapati basi. Andazi, tambi, sambusa, basi. Watoto walinitazama kama mtu aliyefiwa. Mama peke yake ndiye aliyefurahi.

"Nilisema mie!" akapiga makofi. "Ule unga mweupe wa kiwandani una madawa. Watu wanakula madawa. Sasa ushike chakula cha asili."

Na chakula cha asili, kwa mama, ni ngano nzima aliyoitwanga kwa mkono wake. Utatucheka. Lakini mtu wa mjini akisikia "ngano" anaona pakiti ya unga dukani. Ile iliyomo kinuni ilikuwa kitu kingine kabisa, ilikuwa ni sikukuu, ilikuwa ni mama. Mie mwenyewe niliona maneno yake yana akili. Bokoboko likaongezwa, sasa asubuhi na jioni. Mshono wa nne wa suruali niliushona wakati huo.

Siku ya kurudi kliniki mama akasema anakwenda na mie. Akavaa baibui lake la kutokea, akabeba hotipoti, kwa sababu foleni ni ndefu na mgonjwa hakai na njaa. Tulipoitwa aliingia nayo ndani.

Daktari akamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtazame mwenzio huyu, haongezeki."

Daktari akatazama majibu ya damu, akanigeukia. "Masharti unayafuata?"

"Mkate sijala, daktari. Chapati sijala. Andazi nimelisahau hata umbo lake."

"Mbona damu imeshuka tena?"

Mama akadakia. "Isingekuwa mkono wangu tungeshamzika. Nakwambia kweli. Hiki hapa ndicho kinachomshikilia roho." Akafungua hotipoti. Harufu ya samli ikajaa chumba kizima.

Daktari akachungulia. "Ni nini hiki, mama?"

"Bokoboko. Nyie watu wa bara hamlijui. Nyama, samli, mdalasini kidogo, na ngano. Lakini si ile ya unga, eh! Ngano nzima, ya Mungu, kiwanda hakijaigusa."

Daktari alivuta kiti chake kutoka nyuma ya meza, akaja kukaa karibu na mama, magoti yao yakakaribia kugusana. Kwa hilo tu nitamwombea dua maisha yangu yote.

"Mama," akasema, "ngano ni ngano. Ikiwa unga, ikiwa nzima, hata ikiwa bado imesimama shambani. Kwako wewe na mimi ni chakula kizuri. Kwa huyu ndiyo inayomuumiza."

"Hata hii?"

"Hata hii."

Mama akaitazama hotipoti. Kisha akauliza, "Na yote niliyokuwa nampa akizidiwa?"

"Hukujua, mama. Hata sisi hospitalini ilituchukua muda kujua."

Mama akarudisha mfuniko, akaukaza mpaka ukalia. Kwenye bajaji aliipakata ile hotipoti njia nzima. Tulipofika akamkabidhi dereva. "Kula wewe, baba," akamwambia. "Wewe halikudhuru." Kijana wa watu akala pale pale, anasifu, anajilamba vidole, "Mama, huu mkono una dhahabu!" na mama amesimama anamtazama, machozi yanamshuka mpaka kidevuni.

Tangu siku ile mama aliacha kupika. Si kunipikia mie tu, aliacha kabisa. Kinu alikigeuza chini juu, Zuhura akawa anawekea ndoo. Wajukuu wakimwomba hata chai anawaambia wamwendee mama yao. Nikimwambia, "Mama, mbona limeshapita," ananijibu, "Kwako limepita."

Halafu Bi Chiku akapita uani kwetu, akasimuliwa, akacheka kicheko chake kile. "Ama kweli fundi, kikulacho ki nguoni mwako!"

Methali hiyo huambiwa mtu aliyeponzwa na mtu wake wa karibu. Mama alikuwa ndani, dirisha liko wazi. Zuhura alimfukuza Bi Chiku kwa ufagio, nasema kweli, kwa ufagio, lakini neno likishatoka halirudi. Asubuhi yake mama alikuwa amefunga begi. Anakwenda Tanga kwa dada yake.

"Nikae mbali na mtoto wa watu," akasema.

"Mie si mtoto wa watu, mama. Mie wako."

"Ndiyo maana."

Sasa nikuambie jambo lililonitesa kuliko maradhi. Mama alipoondoka, nikaanza kupona. Kwa kweli nilianza kupona kwa sababu ngano imeisha mwilini, kila mtu anaelewa hivyo, isipokuwa mama. Kipupwe kilipoingia nikafumua mshono wa nne. Nikaamka asubuhi moja tumbo limetulia, nikakaa kitandani nasikiliza, nikafikiri labda nimekufa. Nikampigia simu Tanga kwa furaha. "Mama, nimeongezeka!"

"Alhamdulillahi," akajibu. "Unaona? Nimeondoka, umenenepa."

Nikafumua wa tatu, nikampigia tena, akasema vile vile. Kila habari njema niliyompa ilikuwa inamfungia mlango wa kurudi. Ikafika mahali nikawa namdanganya kwamba nina mafua, ili tu asikie nimeumwa na yeye hayupo. Nilikuwa napona na nampoteza mama kwa wakati mmoja, na sikujua dawa ya hilo inauzwa wapi.

Nyumbani nako hakukuwa rahisi. Zuhura alinunua sufuria yangu peke yangu, akaifunga uzi mwekundu kwenye mkono ili asiiguse mtu na unga. Tuligombana kwa ajili ya vitumbua. Kitumbua ni mchele, nikanunua njiani, nikaugua siku mbili, kumbe mwuzaji anachanganya kiganja cha unga wa ngano vishikane. "Uliuliza?" Zuhura akafoka. Sikuuliza. Sasa nauliza kila kitu mpaka watu wananichoka. Lakini nashukuru nimezaliwa nchi ya ugali. Wali, ugali wa dona, mihogo, magimbi, ndizi, viazi vitamu na chai ya tangawizi: mtu wa Temeke akinyimwa ngano bado ana meza. Kinachouma si njaa. Kinachouma ni Idd.

Sasa kulikuwa na mteja wangu mmoja, dada anaitwa Neema, mwenyeji wa Njombe anayekaa Madale kwa dada yake kila asipokuwa na kazi shambani. Nilikuwa namshonea magauni ya kitenge. Siku hiyo alikuja na kifuko kidogo cha marikani kilichochakaa, cha kufungwa kwa kamba, anataka nimshonee vingine kama hicho, vingi. Nikamuuliza ni vya nini.

"Vya kuwekea mbegu za ngano, fundi. Mimi ni mtafiti."

Nikacheka peke yangu mpaka akashangaa. Nikamsimulia. Akavuta stuli akakaa, akaniambia kwamba kazi yao hasa ndiyo hiyo: wanatafuta ngano ambayo kile kitu kinachotudhuru kimepungua. Wanachanganya mbegu hii na ile, wanapanda, wanapima, wanatupa nyingi, wanabakiza chache, wanapanda tena. Nikamuuliza lini. "Sikudanganyi," akasema. "Bado sana. Na hata ikifika, inaweza ikawafaa wenye matatizo madogo, isikufae wewe. Usije ukala ngano ya mtu yeyote kwa sababu umesikia habari zetu."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Kisha akanionyesha anavyotaka mshono: pindo liwe limefichwa pande zote, ndani kusiwe na mkunjo hata mmoja. Punje moja ikijificha kwenye mkunjo, ikaja kuchanganyika na mbegu za kifuko kingine, hawajui tena nani ni nani, na msimu mzima umepotea.

Hapo nikamkumbuka mama. Nilijifunza ushonaji kwenye cherehani yake ya mkono, na hakuna pindo la kufichwa kama lake hapa mjini. Nikampigia. Sikusema nimekukumbuka, maana hilo alikuwa na majibu yake. Nikasema, "Mama, nimepata kazi kubwa, mshono wa kuficha, na sina mtu wa kutia kamba. Nitaumbuka."

"Mshono wa kuficha wewe hukuwahi kuuweza," akasema. Wiki hiyo hiyo akafika.

Alishona siku ya kwanza bila kuuliza. Siku ya pili Neema akaja kutazama, mama akataka kujua vifuko vya nini, akaambiwa. Akaweka sindano chini.

"Ngano?" Akanigeukia mie. "Shomari, umenitoa Tanga nije nishonee ngano? Mie?"

Neema ndiye aliyepiga magoti pale chini kwenye vipande vya vitambaa, akamwambia yote, na la "bado sana" hakulificha. Mama akasikiliza, uso umekaza.

"Kwa hiyo mnaichagua," akasema mwishoni, "mnatazama ukoo wake, tabia zake, hii inafaa, hii haifai."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Kama sie tunavyochagua mchumba."

"Kabisa," Neema akajibu, tukacheka wote, na mama naye akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya hotipoti.

Kuanzia hapo ilikuwa huwezi kumtoa kwenye mashine. Kila kifuko akikimaliza anakigeuza, anapitisha kidole cha shahada kwenye pindo lote taratibu, anatafuta mahali punje inapoweza kujificha. Vyangu viwili alivirudisha. "Hapa atajificha mtu," akaniambia, "fumua." Begi lake halikufungwa tena.

Idd iliyofuata aliniuliza, mara ya kwanza maishani mwangu, "Utakula nini, mwanangu?" Nikamwambia nataka bokoboko, la mchele. Akaagiza kinu kipya na mwiko mpya, kwa sababu vile vya zamani vimeinywa ngano miaka na miaka na Zuhura hataki kuviona karibu na sufuria yenye uzi mwekundu. Akapika. Asubuhi watoto waliamka na ule mlio, du, du, du. Nilijifunika shuka usoni ili Zuhura asinione ninavyolia.

Mama alionja kwanza. "Si lenyewe," akasema.

"Si lenyewe," nikamkubalia, nikala sahani mbili, na tumbo likatulia.

Wewe uliyeko kwenye benchi, nina neno moja tu la kukuachia. Daktari akikuuliza unakula nini, mtajie na kile unacholetewa kwa mapenzi. Hicho ndicho tunachosahau kukitaja.

Mchana ule, vyombo vimeoshwa, nilimkuta mama kibarazani na ule mwiko wake mrefu wa zamani. Nilidhani anakwenda kuutia motoni. Kumbe ameushonea mfuko wa marikani, mrefu kama mwiko wenyewe, pindo la kuficha pande zote. Akautumbukiza, akavuta kamba, akafunga.

"Wewe umeshapona," akasema. "Sasa tunasubiri ngano nayo ipone."

"Na ikichelewa, mama?"

Akanipa niushike. "Kamba nimetia mwenyewe, haikatiki upesi. Atakayekuwepo atafungua."